Mahindi Ndani ya Celica

Mtaani kwetu Kijenge walinicheka kwa jambo moja: nilipata gari kabla ya kupata mahali pa kulilaza. Waache wacheke. Celica ile nyekundu ya milango miwili niliinunua ikiwa mzoga, kwa mtu aliyeibamiza kwenye ukuta akakata tamaa. Niliikalia miaka mitatu kwenye gereji ninayofanyia kazi, kila Jumapili baada ya ibada, nati moja baada ya nyingine, mpaka siku ilipounguruma na fundi wetu mkuu akavua kofia. Nani kati ya hao wanaocheka aliwahi kufufua kitu?

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja kwa Mama Elinami, mama wa Kichaga mwenye sheria nyingi kuliko vyumba. Geti lake ni la kupita mtu na baiskeli yake. Mbele ya geti kuna mtaro, na Celica ina tumbo la chini, hairuki mtaro. Kwa hiyo gari lilikaa barabarani, na kila asubuhi nilikuta jambo jipya: alama ya kiatu kwenye boneti, tusi limeandikwa kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Siku moja nilikuta kijana mzima amekalia boneti anatafuna muwa na kutema makapi kwenye taa. Nilimshusha kwa kola ya shati. Alipofungua mdomo kunitukana nilimpa kofi moja, nikapelekwa polisi, nikatoka, na habari ikapanda mlimani kwa ndugu zangu kabla yangu, ikinenepa njiani. Kufika kule juu ilikuwa nimevunja watu watatu mikono.

Sikuikanusha. Nilichukua rangi nyeupe nikaandika kwenye kioo cha nyuma maneno niliyoyatunga mwenyewe, nikiyapima silabi kwa vidole: *Sina geti sina banda, ila sina wa kumwomba.*

Mwezi wa sita kambi moja ya watalii Serengeti ikataka fundi wa miezi mitano. Kazi nzuri, chakula juu yao. Nikamwomba Mama Elinami aniangalizie gari.

"Lengai baba," akasema, "hilo dude likibaki hapo nje miezi mitano nitalipandia mchicha."

Basi ikabidi nimwombe mtu. Baba mdogo Loishiye, mdogo wake marehemu baba, anakaa juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima Meru. Ana banda kubwa la mabati. Lilikuwa la ng'ombe, kabla ng'ombe hawajaisha mmoja mmoja katika safari zake za mnadani, safari ambazo alikuwa akienda na mnyama na kurudi na harufu ya pombe. Alilizunguka gari, akasoma kioo cha nyuma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani.

"Ero," akaniita, kama wazee wetu wanavyowaita vijana, "si umeandika huna wa kumwomba? Mimi leo ni nani? Mtalii?"

Nikaomba hivyo hivyo. Gari likaingia bandani.

Nililiweka jinsi gari linavyotakiwa kuwekwa. Nilijaza tangi ili kutu isipate nafasi. Nilitoa betri nikaondoka nayo. Nililinyanyua kwa jeki na kuliegesha juu ya matofali ili matairi yasikae sehemu moja yakapinda. Nilisokomeza kitambaa kwenye ekzosi panya wasijenge humo, kisha nikalifunika turubai na kulifunga kamba pande zote. Kazi hiyo nilifanya kutwa nzima, baba mdogo amekaa kwenye kigoda ananiuliza kama na mtoto wa kuzaa ningemfunga vizuri hivyo.

Ufunguo sikumpa yeye. Nilimpa mke wake, mama mdogo Nashipae. Mama huyo namwita yeyo, mama, kwa sababu baada ya mama yangu kufa ndiye aliyenipikia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando mpaka nikaota ndevu.

"Yeyo," nikamwambia, "jua likiwaka vizuri, mara moja kwa wiki, fungua milango hewa ipite. Na ufunguo huu usimpe mwanaume yeyote. Mwanaume atakayeshika mlango huu, mwambie Lengai atakuja kumkata mkono."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Hata Loishiye?"

"Hasa Loishiye."

Aliutazama ule ufunguo muda mrefu kuliko kawaida ya mtu kutazama ufunguo. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikadhani nimeeleweka.

*

Nilirudi Novemba, siku ya Alhamisi. Jumamosi yake kulikuwa na mashindano ya magari kwenye uwanja mmoja wa vumbi kule Terrat, na jina langu lilikuwa kwenye orodha: namba kumi na nne. Nilijiandikisha nikiwa bado kambini. Miezi mitano yote, kwenye kundi letu la simu, Romanus wa gereji ya jirani alikuwa hajaacha kunichokonoa. "Celica ya Lengai ni kama malaika," aliandika, "inahubiriwa tu, haionekani." Nilimjibu kwamba Jumamosi ataiona kwa nyuma, ikimtimulia vumbi, na asome vizuri kioo. Watu thelathini na saba waliona jibu hilo. Sikuwa na njia ya kulirudisha, wala sikutaka.

Nilipanda Ngaramtoni kwa bodaboda, betri mapajani. Nyumbani hapakuwa na mtu isipokuwa kuku. Nikaenda moja kwa moja bandani.

Nilijua kuna kitu kabla sijafungua kamba. Gari lilikuwa limekaa kama kuku anayetaga. Matofali yangu ya nyuma yalikuwa yamezama ardhini, na tairi nililoliacha hewani lilikuwa limegusa udongo. Nikavuta turubai. Vioo vilikuwa vyeupe kwa ndani, kuanzia chini mpaka karibu na nusu. Kwanza nilifikiri ni ukungu. Nikasugua kwa kiganja. Haukuwa ukungu.

Nilitoa ufunguo wangu wa pili, nikafungua mlango wa dereva, na mahindi yakanimwagikia miguuni.

Si gunia la mahindi. Mahindi yaliyopukuchuliwa, makavu, meupe, yamemiminwa humo kama kwenye kihenge. Viti havikuonekana. Gia haikuonekana. Usukani ulichomoza nusu kama jembe lililosahauliwa. Yalikuwa yameingia kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, dashibodi niliyoitoa na kuirudisha mara nne kwa sababu ya waya mmoja! Na juu ya yote unga wa kijivu wa dawa ya dumuzi, na harufu yake kali, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sivuti hata sigara.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua kuku walikimbia na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mama mdogo alitokea kutoka shambani, jembe begani, anatembea taratibu kama mtu aliyeitwa kula.

"Lengai. Umerudi, mwanangu. Umekonda."

"Yeyo, hiki ni nini?"

"Mahindi."

"Naona ni mahindi! Yanafanya nini ndani ya gari langu?"

"Yanakaa." Aliweka jembe chini. "Gari lako ni zuri sana. Milango inashika barabara. Nimechungulia juzi, hakuna hata dumuzi mmoja. Panya amezunguka miezi mitatu amechoka. Wazungu wale wanajua kutengeneza."

"Wajapani!"

"Na hao."

Sijawahi kusifiwa gari nikaumia namna ile. Nilitafuta shikamoo yangu nikaiona imebaki kooni, sikuitoa, na hilo nalo likaniongezea hasira, kwa kuwa huyu ni mama yangu. Nilichukua debe lililokuwa limening'inia ukutani, nikatandaza turubai chini, nikaanza kuchota. Debe la kwanza. La pili. Kila nililotoa, mengine yaliporomoka kujaza pengo, kama yananizomea.

"Leta magunia," nikamwambia.

Hakwenda. Alikaa juu ya kigoda cha mumewe, akanyoosha miguu.

"Endelea tu," akasema. "Gari ni lako. Ila ukimaliza, na sisi tupakie. Mimi na watoto wanne. Maana hapa hatutakuwa na cha kufanya."

"Usinifanyie hivyo, yeyo."

"Nikufanyie nini? Nakujibu. Mwaka jana nilivuna magunia kumi na sita. Uliza yako wapi."

Sikuuliza. Akanieleza vivyo hivyo.

Kwetu ghala ni la mwanamke. Mwanaume hata awe na mvi hatii mkono wake humo; akitaka kula anasubiri apikiwe. Baba mdogo aliiheshimu mila hiyo sana. Hakutia mkono. Alisubiri Jumapili, mama mdogo akiwa kanisani anaimba kwaya, akawaita vijana wa dalali kutoka sokoni. Vijana wakatia mikono yao. Mama mdogo aliporudi, midomo bado ina wimbo, alikuta kihenge kimefagiliwa. Kufika Februari alikuwa anafanya kibarua kwenye shamba la maua la watu ili watoto wapate uji.

"Ulikwenda kwa wazee wa kanisa?"

"Nilikwenda. Wakasema nimwombee."

"Na wazee wa ukoo?"

"Waliniuliza, 'Loishiye alitia mkono wake ghalani?' Nikasema hapana, alituma vijana. Wakaangaliana. Wakasema basi hakuvunja kitu."

Debe lilikuwa mkononi mwangu. Nililibana mpaka bati likalia.

"Kwa nini hukununua kufuli?"

"Nilinunua. Kubwa, la shaba. Alileta msumeno wa chuma akalikata mchana kweupe, akaniachia vipande viwili mezani. Kufuli lile alijua ni langu."

"Na hili?"

"Hili anajua ni lako." Kwa mara ya kwanza akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Mwezi wa tisa alikuja na dalali. Mimi nilikuwa pale nyuma ya migomba, sikujionyesha. Wamelizunguka gari, wamechungulia. Dalali akanyoosha mkono ashike mlango. Loishiye akamvuta! 'Usishike,' akamwambia, 'mwenye gari hili ni kichaa. Kijenge alivunja watu watatu mikono.' Wakaondoka."

"Nilimpiga mtu mmoja kofi moja."

"Mimi sikuwaambia."

Mtu mwema angelainika hapo. Mimi sikulainika. Niliwaka upya, na safari hii moto ulikuwa na pande nyingi hata sikujua niutupe wapi. Miezi mitano nimelala kwenye hema nikiota mlio wa injini, kumbe huku nimegeuzwa mbwa wa kufungwa mlangoni, bila hata kuulizwa kama nataka kubweka.

"Kwa hiyo mimi ni mbwa wenu," nikasema.

"Wewe ni mwanaume wa kwanza mume wangu kumwogopa. Nimemtafuta wa namna hiyo miaka kumi na tisa. Nilipompata, nilimwekea mahindi."

"Yapeleke kwa jirani."

"Atakwenda kuyadai, ni mume wangu, watampa."

"Nitayapeleka chumbani kwangu Kijenge."

"Na watoto wakitaka ugali jioni niwapandishe gari?"

"Basi nipe wiki moja, nakujengea stoo ya tofali, mlango wa chuma."

"Mlango wa chuma wa nani? Wangu?" Alitikisa kichwa. "Na hayo mashindano yako wanayoyasema sokoni ni lini?"

"Keshokutwa."

Aliinama akaanza kuokota punje zilizomwagika mlangoni, akizipuliza vumbi na kuziweka kwenye kanga. Afadhali angelia. Mtu akilia unaweza kumwambia anyamaze. Nikachota debe la tatu. Namba kumi na nne, nilijiambia. Watu thelathini na saba. Gari nililifufua mimi. Mahindi sikulima mimi, mume sikumwoa mimi, mila sikuitunga mimi. Kila sentensi ilikuwa kweli, na kila moja niliisema moyoni kwa sauti kubwa kuliko iliyotangulia.

Ndipo baba mdogo akaingia bandani.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani siku ya Alhamisi, na fimbo kwapani. Aliona mlango uko wazi. Aliona debe mkononi mwangu na mahindi kwenye turubai. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona mgeni aliyemsubiri siku nyingi.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema, kwa kuwa kwake angalau sikutaka anishike kwa kosa la adabu.

"Marahaba, marahaba, ero! Umekuja kuchukua gari. Vizuri sana. Kijana lazima atembee na gari lake." Alikuwa tayari ameshatoa simu. "Lakini mbona unajitesa peke yako na kidebe? Nina vijana pale sokoni. Dakika ishirini wako hapa, na magunia yao, na mizani yao. Wewe utakaa tu unywe chai. Wakimaliza, unawasha, unakwenda."

Alikuwa anatafuta namba kwa kidole gumba, analamba midomo. Sijapata kumwona baba mdogo akinisaidia kitu tangu nizaliwe. Baba yangu alipozikwa hakushika hata koleo. Na sasa alikuwa na haraka ya kunisaidia.

Mama mdogo hakuinua kichwa. Aliendelea kuokota, punje moja, punje nyingine.

Nilinyanyua debe nikalimwaga. Ndani ya gari. Mahindi yalitoa mlio kama mvua kwenye bati.

"Unafanya nini?" baba mdogo akauliza.

"Narudisha."

"Unarudisha? Si una mashindano? Sokoni wanasema una mashindano Jumamosi."

"Ninayo."

"Sasa?"

"Sasa narudisha."

Nikachota kwenye turubai debe jingine, nikalimwaga. Na jingine. Nilikuwa nayamwagia viti nilivyovishona upya kwa mkono, na kila debe lilikuwa ni kama nampiga mtu, ila sikujua nampiga nani. Nilipomaliza nikakunja turubai, nikakung'uta punje za mwisho, nikausukuma mlango kwa bega mpaka ukashika.

Baba mdogo alikuwa ameshusha simu. Uso ulikuwa umefungika tena.

"Hapa ni kwangu," akasema polepole. "Banda ni langu. Miezi mitano limekaa bure, sijasema kitu kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka. Leo nasema. Sitaki gari la mtu kwenye banda langu. Liondoke leo."

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?"

"Liondoe."

"Nimekwambia wewe uliondoe!"

"Na mimi nakwambia wewe, kwa heshima zote, baba mdogo. Banda ni lako. Mwenye banda akichoka na kitu anakitoa. Mlango huo hapo. Shika."

Nilisogea pembeni nikampa nafasi. Alitazama mkono wa mlango. Nilimwona anaupima, kisha ananipima mimi, kisha anautazama tena. Ni kipande kidogo cha plastiki, kimepauka, nilikitoa kwenye gari jingine bovu. Mtoto wa miaka miwili angeweza kukivuta.

"Utanipiga?" akauliza. "Utampiga mdogo wa baba yako?"

"Shika uone."

Maneno hayo kwa mtu wa rika la baba yangu ni mabaya. Najua. Wazee wa ukoo wakiyasikia watanitoza kondoo, na nitamtoa, na nitayarudia mbele ya huyo kondoo. Alinyanyua mkono kidogo. Fimbo ikamponyoka kwapani ikaanguka, akainama kuiokota, na alipoinuka alikuwa amekwishageuka kuelekea nje.

"Mtoto asiye na adabu," alisema akiwa mlangoni. "Na gari lako halitatoka hapa. Sikia. Litaozea humo."

"Ndiyo, baba mdogo."

Tulisikiliza viatu vyake vikiteremka njia ya sokoni. Ningekuwa na kitu cha kuvunja ningekivunja, na kila kilichokuwa karibu kilikuwa changu au cha mama mdogo. Jumamosi mtu atasimama Terrat na kipaza sauti, ataita namba kumi na nne, na Romanus atajibu badala yangu, na watu watacheka mpaka Kijenge. Nilimsikia tayari.

Mama mdogo alikuja na kanga iliyojaa punje alizookota. Alitaka nifungue tena azimwage. Nikafungua kidogo, kwa uangalifu, goti langu likiyazuia mahindi.

"Lengai," akaanza.

"Usinishukuru."

"Sikushukuru. Nataka kukwambia hilo tairi la nyuma limegusa chini."

"Nimeliona!"

Nikalala chali chini ya gari, nikaingiza jeki, nikaanza kulinyanyua pamoja na mavuno yake yote. Jeki ililia. Nikiwa huko chini, uso umejaa vumbi na mgongo umekaa kwenye samadi ya zamani ya ng'ombe waliokwisha kunywewa, nikamuuliza mahindi hayo yatawafikisha lini.

Alihesabu kimoyomoyo. Niliona miguu yake imesimama.

"Tukila kwa akili," akasema, "mpaka Juni."

"Kuleni haraka," nikamwambia.